Uso wa Foili ya Tantali: Mafunzo Niliyopata Karakanani

Tantali ni metali nzito ya kijivu inayoelekea buluu. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 16.6 hivi, zaidi ya mara mbili ya chuma. Huyeyuka kwenye joto la karibu 3,000 °C, na asidi nyingi zinazokula chuma haziiwezi. Ikibanwa hadi unene ulio chini ya milimita 0.13, mafundi huiita foili.

Nimeifanyia kazi foili hiyo kwa miaka mingi nchini Ujerumani, katika karakana inayoikata, kuisafisha, kuikunja na kuilainisha kwa moto kwa ajili ya viwanda vya kemikali, matanuri ya ombwe na vifaa vya elektroniki. Wateja wengi huulizia unene, upana na bei. Uso huulizwa mwisho, au hauulizwi kabisa. Ninaandika mafunzo haya kwa mafundi, wahandisi vijana na maofisa ununuzi wanaosoma Kiswahili, kwa kuwa nimeona mali ya thamani kubwa ikitupwa kwa sababu tu hakuna aliyetaja uso wake mapema.

1. Ijue kazi kwanza, ndipo uchague uso

Kila kazi ina uso wake. Foili inayokinga joto ndani ya tanuri la ombwe inatakiwa iwe laini na ing'ae, kwa sababu uso wa namna hiyo hurudisha mionzi ya joto vizuri kuliko uso wenye mparuzo. Foili ya kapasita hutakiwa kinyume chake. Uso wake humung'unywa kwa kemikali na umeme mpaka ujae vishimo vidogo mno, ili eneo lake liongezeke mara kadhaa na kapasita iweze kuhifadhi chaji nyingi zaidi. Kapasita za foili zilikuwa zikitengenezwa hivyo katika miaka ya 1950, kabla vipande vya unga wa tantali uliobanwa na kuunganishwa kwa joto havijachukua sehemu kubwa ya soko. Foili ya kugandishwa kwa gundi nayo huhitaji mparuzo kidogo ili gundi ipate pa kushika.

Kijana mmoja, fundi wa kiwanda cha kemikali Dar es Salaam, aliwahi kunipigia simu akiwa na wasiwasi.

"Shikamoo kaka. Foili tuliyoagiza imefika, lakini imefifia, haina mng'ao wowote. Nadhani wametuletea ya zamani."

"Marahaba, mdogo wangu. Mnataka kuifanyia nini?"

"Kuziba tundu kwenye tangi la asidi, lile lenye utando wa kioo ndani."

"Basi hiyo ndiyo yenyewe. Imesafishwa kwa asidi baada ya kutoka kwenye rola, ndiyo maana imefifia. Usiipige msasa."

Tantali hutumika kuziba matundu ya matangi hayo kwa sababu uvumilivu wake unakaribiana sana na ule wa kioo. Hata maadui wao ni wamoja: kemikali zenye floridi, na magadi makali yenye moto. Kinachoilinda ni utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, ambao hujitengeneza wenyewe mara metali inapokutana na hewa. Mng'ao hauongezi chochote kwenye ulinzi huo. Usafi ndio unaoongeza.

2. Uso wa foili huzaliwa kwenye rola

Tantali safi ni laini, na hubanwa ikiwa baridi, kwa joto la kawaida la chumba. Inaweza kupunguzwa unene kwa zaidi ya asilimia 90 kabla ya kuhitaji kulainishwa tena kwa moto. Foili nyembamba hubanwa kwa mashine zenye rola nyingi, nyingine zikiwa na rola 20. Rola mbili ndogo za katikati ndizo zinazoigusa foili, na zilizobaki huzishikilia hizo ndogo zisipinde.

Uso wa rola hizo mbili ndio utakaokuwa uso wa foili. Rola iliyosagwa na kung'arishwa hutoa foili ya kung'aa, na rola iliyoparuzwa makusudi hutoa foili iliyofifia. Yeyote aliyewahi kusukuma chapati kwa mti wenye ufa anaelewa: mstari ule ule huonekana kwenye kila chapati.

Kutokana na hilo nilijifunza kusoma alama. Doa linalojirudia kwa umbali ule ule kwenye urefu wa foili limetoka kwenye rola. Pima umbali huo, gawa kwa 3.14, nawe utapata kipenyo cha rola yenye kasoro. Doa linalojirudia kila sentimita 15.7 katika upitishaji wa mwisho linaelekeza kwenye rola ya sentimita 5. Mstari mmoja usiokatika, unaofuata urefu wote wa foili, mara nyingi hutokana na uchafu ulionasa mahali foili inapopita. Na kwa kuwa tantali hupenda kung'ang'ania vyuma vya kazi na kujibandika juu yake, mafuta ya rola hayakwepeki. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayotuletea kazi ya kusafisha baadaye.

3. Kwenye foili, kila unachoondoa ni mali

Chukua foili yenye unene wa maikromita 25. Mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 416 hivi. Ukiitumbukiza kwenye asidi ikaliwa maikromita 2 kila upande, zimekwenda 4 kati ya 25, yaani asilimia 16. Hizo ni zaidi ya gramu 66 zilizomwagwa pamoja na maji ya asidi. Kwenye bamba la milimita 1, kuondoa kiasi hicho hicho ni asilimia 0.4, na hakuna atakayeona tofauti.

Ndiyo maana mbinu nzuri kwa bamba si lazima zifae kwa foili. Bamba unaweza kulisaga, kulipiga msasa, kisha kuling'arisha mpaka liwe kioo. Foili ukiifanyia hivyo, unene wake hautalingana tena: hapa maikromita 22, pale 18, na mahali fulani utatokea upenyo ambao hutauona mpaka uinue foili kwenye mwanga. Foili inayotakiwa kung'aa iombwe ikiwa imeng'arishwa na rola. Asidi iachiwe kazi ya kuondoa tabaka jembamba kabisa lenye uchafu, kwa muda uliopimwa kwa saa, na kipande cha majaribio kipimwe uzito kabla na baada.

4. Kinachoachwa juu huishia ndani

Hili ndilo fundisho ninalolirudia kila mfanyakazi mpya anapokuja. Alama ya kidole ina mafuta na chumvi. Juu ya meza haina madhara. Ndani ya tanuri la ombwe mafuta hayo huacha kaboni, nayo kaboni huungana na tantali kuwa kabidi ngumu inayovunjika. Vivyo hivyo kwa mafuta ya rola, gundi ya utepe na wino wa kalamu ya alama.

Mpangilio tunaoufuata ni huu. Foili huoshwa kwanza kwa sabuni ya viwandani yenye moto ili mafuta yatoke. Husuuzwa kwa maji, kisha kwa kiyeyushi safi. Hapo ndipo huingia kwenye asidi, ikiwa kazi inahitaji. Mwisho husuuzwa tena na tena kwa maji yaliyoondolewa madini, ikakaushwa, na kufungwa kwa karatasi isiyo na asidi. Tangu hapo haishikwi bila glavu safi, na glavu zenye poda hazitumiki.

Kipimo cha usafi hakina gharama. Mwagia maji safi juu ya foili kisha iinamishe. Maji yakitandaa kama utando mmoja usiokatika, foili ni safi. Yakijikusanya kuwa matone au yakikwepa sehemu fulani, mafuta bado yapo, na kuiingiza foili hiyo tanurini ni kuiharibu kwa makusudi.

5. Si kila mchanga unafaa, na brashi ya waya haifai kabisa

Wakati mwingine uso unahitaji mparuzo, na njia ya haraka ni kuupuliza punje kwa hewa yenye shinikizo. Wengi hukimbilia punje za oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni kwa sababu ni ngumu na zinapatikana kwa urahisi. Kwenye tantali hazifai. Metali hii ni laini, hivyo punje hujichoma ndani na kubaki humo, na asidi inayoweza kuziondoa bila kuigusa tantali yenyewe haipo. Punje za chuma ni bora kwa sababu moja: zikinasa, asidi ya haidrokloriki yenye moto huzila zote, na tantali hubaki kama ilivyokuwa.

Kuosha huko kwa asidi ya haidrokloriki hakuna hiari. Chembe ya chuma ikisahauliwa juu ya tantali kisha kifaa kikaingia kwenye asidi ya kiwandani, asidi hukila chuma, na haidrojeni huzalishwa juu ya tantali iliyo karibu nacho. Tantali huinywa haidrojeni hiyo, na ikishainywa ya kutosha hukatika kama biskuti. Ndiyo sababu ya kupiga marufuku brashi ya waya, tupa iliyotumika kwenye chuma, na meza isiyofunikwa.

Kwa foili kuna tahadhari ya ziada. Punje zikipigwa upande mmoja tu, upande huo hutanuka na foili hujikunja. Kwa unene mdogo ni heri uombe foili iliyopitishwa kwenye rola zenye mparuzo, au iliyomung'unywa kwa kemikali.

6. Asidi inayoila tantali hula na mtu

Tantali haitishwi na asidi ya nitriki, wala na mchanganyiko wa nitriki na haidrokloriki unaoyeyusha dhahabu. Kwa hiyo kuusafisha uso wake kwa kemikali kunahitaji asidi ya haidrofloriki, kwa kawaida ikichanganywa na nitriki, na mara nyingine na salfuriki. Nitriki husaidia kuzuia haidrojeni isiingie kwenye metali.

Sitaki mtu asome makala haya kisha aijaribu nyuma ya nyumba. Asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi na kuishika kalsiamu ya mwili. Ikiwa nyepesi, maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa huku madhara yakiendelea ndani, na sumu yake inaweza kuusimamisha moyo. Haihifadhiwi kwenye chupa ya kioo kwa sababu inakila kioo. Hukaa kwenye vyombo vya plastiki inayofaa. Karakana isiyo na mvuto wa hewa, glavu maalumu, kinga ya uso, bomba la maji la dharura na jeli ya glukonati ya kalsiamu mahali panapofikika mara moja haina haki ya kukifungua chombo hicho. Aliyemwagikiwa huoshwa kwa maji mengi, hupakwa jeli, na hupelekwa hospitali papo hapo hata kama hasikii maumivu.

Kama huna hayo yote, nunua foili ambayo tayari imesafishwa na mtengenezaji. Gharama inayoongezeka ni ndogo kuliko mkono wa kijana wa mtu.

7. Moto hutengeneza uso, na moto huuvunja

Foili iliyobanwa baridi ni ngumu na ina msukumo wa kurudi nyuma ukiikunja. Ili ilainike hutiwa kwenye joto, mara nyingi kati ya 1,000 na 1,200 °C. Tatizo ni kwamba kuanzia karibu 300 °C tantali huanza kuinywa hewa: oksijeni na naitrojeni huingia. Kwa hiyo kulainisha hufanyika kwenye ombwe kali, na karakana nyingi hulenga shinikizo lililo chini ya milibari 0.0001.

Gesi hizo ndizo zilizoifanya tantali ichelewe kuwa metali ya kazi. Anders Gustaf Ekeberg aliitambua nchini Sweden mwaka 1802, lakini kwa karne nzima vipande vilivyopatikana vilikuwa vichafu na vyenye kuvunjika. Mwaka 1903 Werner von Bolton, akiwa na kampuni ya Siemens & Halske, ndiye aliyepata tantali safi inayoweza kuvutwa kuwa waya, na kufikia mwaka 1905 waya huo ulikuwa ukiwaka ndani ya taa za umeme.

Nimeona foili ikitoka kwenye tanuri lililokuwa likivuja ikiwa inang'aa vizuri, na ikapasuka mara ya kwanza ilipokunjwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kila tunapolainisha, tunaweka tanurini kipande kidogo cha foili ile ile, kisha tunakikunja mpaka pande zake zigusane. Kikivumilia, kazi inaendelea. Kikikatika, sababu hutafutwa kabla ya lolote jingine. Haidrojeni inaweza kutolewa kwa kuipasha foili upya kwenye ombwe, kwenye 800 °C au zaidi. Oksijeni haitoki kwa urahisi huo, kwani huhitaji joto la karibu 2,000 °C na kuendelea, ambalo matanuri ya kawaida hayalifikii.

Joto likizidi au likikaa mno, chembe za metali hukua. Foili yenye chembe kubwa ikifinyangwa kuwa kikombe, uso wake hutoka na mabonde kama ganda la chungwa. Na tabaka mbili safi zikigusana ndani ya moto mkali huungana na kuwa kitu kimoja, kwa hiyo lazima zitenganishwe.

8. Rangi ni kipimo

Foili ikitumbukizwa kwenye maji yenye asidi kidogo ya fosforiki na kuunganishwa upande chanya wa umeme, oksidi yake hunenepa, karibu nanomita 2 kwa kila volti. Mwanga unaorudi kutoka juu ya oksidi hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na rangi hutokea bila rangi yoyote kupakwa: kwanza kahawia ya dhahabu, kisha zambarau, buluu, njano, waridi, kijani. Oksidi hiyo ndiyo inayozuia umeme ndani ya kapasita za tantali.

Mimi huzipenda rangi hizo kwa sababu nyingine pia. Kipande cha majaribio kikipewa volti zile zile kila mahali, rangi inapaswa kuwa moja. Panapotokea doa la rangi tofauti pana mafuta, mkwaruzo au chembe ya kigeni ambayo jicho halikuiona. Kwa dakika chache unapata ramani ya usafi wa uso mzima.

9. Namba moja ya mparuzo haitoshi

Mparuzo wa uso hupimwa kwa kipimo kiitwacho Ra, yaani wastani wa vilima na mabonde kutoka mstari wa katikati. Wastani huficha. Foili yenye mkwaruzo mmoja mrefu na wa kina inaweza kuwa na Ra nzuri kabisa, ilhali foili itapasukia kwenye mkwaruzo huo huo. Omba na Rz, ambayo huangalia urefu kutoka kilele hadi shimo. Pima kwa kukatisha mwelekeo wa rola, kwa sababu mistari ya rola hulala kwa urefu na sindano ikifuatana nayo haitaihisi. Laza foili juu ya kioo kilichonyooka kabla ya kupima, na kumbuka kwamba sindano inaweza kuikwaruza foili iliyolainishwa. Pimia kipande cha pembeni, au tumia chombo cha mwanga.

10. Heshimu metali ilikotoka

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa tantali duniani. Rubaya, eneo la Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi huchimba koltani, yaani madini yenye tantali, kwa sururu na koleo, wakaiosha kwa maji kwenye mitaro, katika eneo ambalo vita vimelirudia mara kwa mara. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2021 zinazitaka baadhi ya kampuni zichunguze madini yao yametoka wapi.

Sehemu yetu karakanani ni kutoipoteza. Mabaki safi ya foili hurudi kuyeyushwa, lakini yaliyochanganyika na chuma, nikeli au mafuta hushuka thamani au hukataliwa. Tenga mabaki kwa aina zake siku ile ile yanapokatwa, na yaandikie lebo.

11. Andika uso kwenye agizo

Ugomvi mwingi niliousuluhisha kati ya muuzaji na mnunuzi ulitokana na agizo lisemalo "foili ya tantali, milimita 0.05". Agizo linalojitosheleza husema hivi: tantali R05200 kwa kiwango cha ASTM B708, unene milimita 0.05 pamoja na tofauti inayokubalika. Imelainishwa kwenye ombwe. Uso umebanwa kwa rola ya kung'aa na kusafishwa kwa kemikali. Ra isiyozidi maikromita 0.4 pande zote mbili, pamoja na kikomo cha Rz, zikipimwa kwa kukatisha mwelekeo wa rola. Haina mikunjo, matundu wala alama za vidole. Kila tabaka limetenganishwa kwa karatasi safi. Cheti cha oksijeni, naitrojeni, haidrojeni na kaboni kimeambatishwa. Badilisha namba kulingana na kazi yako, lakini usiache mstari hata mmoja.

Kwa hiyo, ndugu fundi, na wewe ofisa unayesaini agizo: kabla hujaulizia bei, kaeni pamoja mwandike foili hiyo itafanya kazi gani na uso wake uweje. Karatasi hiyo moja itawaokoa na hasara ambayo hakuna asidi wala tanuri litakaloirekebisha.